Sunzua ya Mama Mkwe

Vijana wangu, tezo yangu ya kuchongea nimeitundika. Sikuitundika kwa kupenda. Mkono wa kulia umeanza kutetemeka kila ninapokaribia pua ya kinyago, na pua ya kinyago haitaki mzaha. Sasa nakaa barazani kwangu hapa Chiola, natafuna korosho za kuchoma, nanyi mnapita na simu zenu mkiniambia, "Mzee Issa, tupe stori za mapiko." Stori nitawapa. Kazi yenyewe najua hamuitaki, maana kila nikimshikisha mmoja wenu tezo ananiuliza kama hakuna mashine yake.

Kabla sijaanza, nina neno na dada zangu na binti zangu. Kwetu Wamakonde lipiko, kinyago cha kuvaliwa kwenye ngoma ya mapiko, ni siri ya wanaume. Mwanamke, na mtoto ambaye hajapitia jando, huambiwa kwamba yule anayecheza uwanjani na uso wa mti si mtu aliyevaa kinyago. Ni kiumbe kilichotoka kuzimu, hakuna aliyemchonga, hakuna aliye ndani yake, hana mke wala mjomba. Kwa hiyo someni tu, siwakatazi, lakini mkimaliza semeni hamkusoma. Mama zenu wamefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyedhurika.

Tena msidhani ni sisi peke yetu. Miaka ya elfu mbili alipita hapa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akizunguka Nachingwea na Ruangwa kuwatembelea wachongaji. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha. Akanionyesha watu wa huko Marekani waitwao Wahopi, wakulima wa mahindi kama sisi, ila nchi yao ni kavu na mvua ni ya kubembeleza. Nao wana viumbe wao wanaokuja kijijini kucheza ngoma wakiwa wamefunika nyuso, wanawaita kachina, na watoto huamini kuwa ndio wenyewe hasa, mpaka wafikie umri wa kuambiwa. Halafu huchonga wanasesere wadogo wa viumbe hao kwa mzizi wa mti mwepesi, wanawapa watoto wa kike watundike ndani, wajifunze kumtambua kila mmoja kwa sura na mavazi yake. Niliitazama ile kazi mpaka mama wa watu akachoka kushika kitabu. Manyoya ya ndege yamechongwa kwa mti, unataka kuyapuliza uone kama yatapeperuka. Nikamuuliza swali moja tu, "Na wanawake wao wanajua aliye ndani?" Akacheka, akasema hilo hawezi kulijibu. Nikajua hao ni ndugu zetu kabisa. Kitabu hicho msikisahau, tutakihitaji.

Sasa kazi. Mimi nilifundishwa na Mzee Nandonde, aliyekuja na wazazi wake kutoka Msumbiji, mtu mfupi, mkali, mwenye vidole vinene visivyolingana na kazi viliyoifanya. Vijana wa siku hizi wakisikia Mmakonde mchongaji wanafikiri mpingo. Mpingo ni wa wageni wa kuweka mezani. Lipiko linavaliwa kichwani, mtu anacheza nalo mchana kutwa, ukimvisha mpingo utamzika. Sisi tunatumia msufi pori. Ukate gogo, ulifukie kwenye majani ya mkorosho kivulini, ulisahau. Ukiwa na haraka ukalianika juani, litapasuka kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu, na hakuna gundi itakayokusitiri. Ukishatoa sura kwa nje ndipo unakomba ndani kwa tezo ndogo, huku unagonga kwa kidole. Likilia kama mlango bado ni zito. Likilia kama kibuyu simama hapo hapo, maana pigo moja zaidi utaona mwanga. Kusugua tulisugua kwa majani ya msasa, siyo hii karatasi ya dukani. Nywele ni za watu kweli, tunaomba kwa kinyozi, tunagandisha kwa nta ya nyuki. Mchezaji analivaa kichwani kwa kulilaza kidogo nyuma, na anaona njia kupitia mdomo. Hilo la mdomo ndilo la kukumbuka, kwa sababu mtu anayeona kupitia mdomo haoni sana.

Lipiko langu la kwanza nilipima kwa kichwa changu mwenyewe. Kichwa changu ni kidogo, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha bila kuombwa. Mchezaji alikuwa Hamisi, muuza samaki wakavu, mtu wa kichwa kipana na masikio yaliyosimama. Kuingia liliingia. Kutoka likagoma. Tulimvuta, tukamzungusha, tukamwekea mguu begani, Mzee Nandonde akinitukana kwa Kimakonde safi kabisa. Mwishowe akaniambia nikimbie nyumbani kwa dada yake Hamisi nikaombe mafuta ya ufuta.

Nikamkuta binti, Rukia, mpwa wa Hamisi, anatwanga.

"Naomba mafuta ya ufuta," nikasema.

"Ya nini?"

Siri ni siri. Nikasema, "Kuna mlango umekwama."

Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye hiki kichwa changu kidogo. Akaingia ndani, akatoka na chupa imejaa. "Mlango huo una masikio makubwa," akasema, "paka mengi pembeni."

Nilirudi kichakani nikiwa nimeshampenda. Mlango ukafunguka, masikio yakabaki mekundu siku mbili, na baada ya mavuno nikapeleka posa.

Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Ukikubaliwa unapewa mahali pa kujenga ua mmoja na wakwe, unawalimia, unapalilia mikorosho yao, na wao wanakutazama. Wasipokuridhia unaambiwa uchukue jembe lako, basi, ndoa imekwisha. Anayesema neno la mwisho ni mjomba wa mke, na mjomba mwenyewe ndiye huyo Hamisi mwenye masikio. Lakini Hamisi alikuwa anasema neno la mwisho baada ya kuambiwa na dada yake, mama mkwe wangu, Bi Zena.

Bi Zena nilimwogopa, na kumwogopa ilikuwa ndiyo heshima. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Ukikutana naye njiani unachepuka majanini unainamisha kichwa mpaka apite. Hamsemeshani moja kwa moja. Akiwa na neno na mimi alimsemesha kuku. "Wewe kuku," atasema, "huoni paa la jikoni linavuja?" Nami nitachukua ngazi. Siku moja kuku mwenyewe hakuwepo, akaisemesha ndoo. Maisha yetu yalikwenda vizuri.

Tatizo lilikuwa uso wake. Naona aibu kusema, lakini nimeahidi kusema kweli. Bi Zena alikuwa na uso ambao mchongaji anauomba maisha yote. Mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo alichovaa mdomoni ujanani, na kwa kuwa ndonya yenyewe alishaiacha, mdomo ulikuwa umelegea ukiinukia upande mmoja, kama mtu anayetaka kucheka msibani. Unyusi mmoja ulikaa juu kuliko mwenzake. Mashavu yalikuwa na chale za kizee, tatu tatu, na pembeni mwa pua palikuwa na sunzua, kinyama cheusi cha ukubwa wa punje ya mtama. Nilijuaje yote hayo wakati sikuruhusiwa kumtazama?

Ni kioo cha kunyolea. Nilikuwa nimekitundika kwenye nguzo ya nyumba yangu, na nikisimama pale kunyoa ndevu, nyuma yangu ndani ya kioo lilionekana jiko la Bi Zena na Bi Zena mwenyewe akipepeta. Nilinyoa kila asubuhi. Nilinyoa polepole. Ndevu zangu wakati huo zingetosha kunyolewa mara moja kwa mwezi.

Mwaka wa tatu wa ndoa, Rukia na mimi tukiwa bado hatujajaliwa mtoto, Mzee Nandonde akanipa kazi kubwa ya kwanza: lipiko la kufunga jando la kijiji cha Ruponda. Alitaka bibi. "Chonga bibi mkali wa zamani," akasema, "asiye wa ukoo wowote." Nikakaa kwenye kibanda chetu porini wiki mbili. Sikufikiria mtu yeyote, nawaapia. Mikono ilikwenda yenyewe, nami nikafurahi kwamba leo mikono imekuwa ya fundi. Nilipomaliza, Mzee Nandonde aliligeuza huku na huku kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu yeyote, mzee."

"Mbona ananikaripia?"

Nikaona ni sifa. Yeye alikuwa anaishi ng'ambo ya mto na uso wa Bi Zena hakuujua vizuri, kwa hiyo naye halaumiwi. Hamisi alikuja siku ya ngoma amechelewa, na samaki wake bado wako kwenye baiskeli. Akavishwa haraka haraka, kitambaa kikafungwa shingoni, akasukumwa uwanjani.

Mnajua ngoma ya mapiko inavyokuwa. Lipiko linatokea, ngoma zinalia, wanawake wanapiga kelele na kukimbia, lipiko linawafukuza, wanarudi, linawafukuza tena. Siku ile Ruponda wanawake walipiga kelele moja, wakaanza kukimbia, halafu mmoja wa Chiola akageuka nyuma kuangalia. Akasimama. Wa pili akasimama. Wote wakasimama. Ngoma zikaendelea peke yake. Hamisi, anayeona kupitia mdomo, akadhani hawajaogopa vya kutosha, akazidisha. Akashika kiuno, akatembea kama bibi mkali, akamnyooshea kidole huyu na yule. Na bila kujua alitembea kama dada yake, maana bibi mkali mwingine alimjua wapi? Wanawake wakaanza kushikana mabega. Kicheko kikatoka upande wa wanawake wa kijiji cha Mtua kikazunguka uwanja mzima. Kisha wakaachana katikati, wakafanya njia, na mwisho wa njia alikuwa amesimama Bi Zena na kanga yake mpya. Wakatazamana, uso na uso, unyusi juu na unyusi juu.

Mimi nilikuwa kwenye ngoma ndogo. Nilijua hapo hapo. Fimbo zilinitoka mikononi zikaanguka, na Rukia, aliyekuwa kati ya wanawake, akafunika mdomo kwa viganja viwili. Bi Zena hakukimbia wala hakucheka. Alijifunga kanga vizuri, akaondoka kwa miguu kurudi Chiola, na mbele yangu alipita bila kusema neno na kuku yeyote.

Kesho yake kikaitwa kikao cha familia. Nataka mkielewe vizuri kikao kile, kwa sababu sijawahi kuhudhuria kingine cha namna hiyo. Bi Zena alitaka niondoke. Lakini hakuweza kusema kosa langu, kwa kuwa mwanamke hajui kwamba mapiko yanachongwa. Mimi sikuweza kuomba radhi, kwa kuwa sikuchonga kitu. Na mwenyekiti, Mjomba Hamisi, hakuweza kunitetea wala kunihukumu, kwa kuwa yeye hakuwepo Ruponda kabisa, alikuwa anauza samaki.

"Haya dada," akasema Hamisi, jasho linamtoka, "kosa la mkwe ni nini?"

Bi Zena alikuwa amekaa ametupa mgongo. "Ana macho," akaiambia ndoo.

"Kila mtu ana macho, dada."

"Yake yanakaa mahali siku nyingi. Amenitazama. Mtu hawezi kukujua mpaka kinyama cha puani kwa kukutazama siku moja."

"Umejuaje kama amekutazama?"

Bi Zena akaigeuza ndoo juu chini. Sisi wanaume tukatazama vidole vya miguu yetu. Hapo ndipo Hamisi alipofanya jambo la kiungwana, au la woga, mpaka leo sijui. Akasema kesi kama hii haikatwi siku moja, mkwe amalizie palizi na kuokota korosho, msimu ukiisha tutakaa tena. Na tabia yake itazamwe.

Rukia alilia siku ile. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama akikwambia uende, mimi nitabaki hapa, ndivyo ilivyo kwetu." Nami nilijua ndivyo ilivyo. Jembe langu lilikuwa pale ukutani na nililiona kila nilipofumbua macho.

Sasa, lile lipiko. Nilitaka kulichoma. Mzee Nandonde akasimama mbele ya moto na tezo mkononi, akasema nikilichoma atanichonga mimi. Lilikuwa limeshapata jina. Watu wa Mtua waliliulizia, na Ruangwa walikuwa wameshaleta ujumbe kwamba kwenye jando lao wanamtaka yule yule bibi wa Ruponda. Nikamsihi, nikamweleza kuwa ndoa yangu imo ndani ya ule mti. Akafikiri.

"Mbadilishe," akasema. "Mfanye mwanamume. Ndevu hazishindwi na kitu."

Mtaona mimi nilikuwa mjinga kiasi gani, maana nilifurahi. Nikapata manyoya ya beberu mweupe, nikayayeyushia nta, nikapandikiza ndevu nzuri kidevuni, nikaziba tundu la ndonya, nikaongeza masharubu. Nilifanya kazi ile asubuhi ya safari yenyewe, nta ikiwa bado ya moto, na hatukupata muda wa kurudi nyuma hatua kumi kulitazama. Hili mliandike mahali: kinyago usichokitazama kwa hatua kumi bado hujakimaliza. Hamisi akavishwa tena, akatoka uwanjani Ruangwa.

Ruangwa Hamisi alikuwa anapita na baiskeli yake ya samaki kila wiki. Na Hamisi na Bi Zena ni baba mmoja mama mmoja, tofauti ya nyuso zao ni ndevu tu.

Mwanamke wa kwanza hakukimbia hata hatua moja. Aliliangalia lipiko, akaweka mkono kiunoni, akauliza, "Leo samaki hakuna?"

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Akina mama wakamzunguka Hamisi, mmoja anauliza lini ataleta perege, mwingine anadai wale wa mara ya mwisho walikuwa na mchanga. Kiumbe kutoka kuzimu kikawa kimesimama katikati, kinageuka huku na huku, hakielewi kinajulikanaje. Kilipopelekwa kichakani na kuvuliwa, Hamisi alilitazama lile lipiko kwa mara ya kwanza kwenye mwanga mzuri. Akajishika ndevu zake. Akaligusa lile la mti ndevu zake. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alipanda baiskeli akarudi Chiola peke yake.

Kwa hiyo msimu wa korosho ulipokwisha, mtetezi wangu mmoja alikuwa amekwisha pia. Kikao kilipoitwa nilikuwa nimeshafunga tezo zangu kwenye gunia. Rukia alikaa karibu na mlango, ameshika pindo la kanga, hatazami mtu.

Hamisi hakuzunguka. "Aondoke," akasema. "Dada ulisema kweli. Mtu huyu anatazama watu."

Hapo nikasikia jambo ambalo sikulitegemea. Bi Zena akageuza kichwa kidogo. "Wewe amekutazama wapi?" akamuuliza kaka yake.

"Ananitazama tu."

"Nasikia Ruangwa alitokea mzee mwenye ndevu."

"Sijui. Mimi nilikuwa nauza samaki."

"Nasikia aliulizwa samaki."

Hamisi akakohoa. Wazee wengine wawili wakakohoa pia, kwa kumsaidia. Bi Zena hakumwachia. "Hamisi, sunzua yangu iko upande gani?"

"Upande wa kulia, dada. Tangu utoto."

"Na yule mama aliyekuja Ruponda, yake ilikuwa upande gani?"

"Kush..." akasema Hamisi, kisha akakumbuka kwamba hakuwepo Ruponda. Lakini neno lilikuwa limetoka zaidi ya nusu.

"Kushoto," Bi Zena akamalizia. "Wenzangu wote waliniambia, huyo si wewe, sunzua imekaa vibaya. Lakini mimi nilimwona, nikajijua. Nimekaa msimu mzima najiuliza, kwa nini wao waone imekosewa, na mimi nione imepatiwa?" Akageukia mlangoni. Kisha akasema, "Rukia, niletee kile kioo cha kwenye nguzo."

Rukia akaenda, akakitungua kioo, akampa mama yake. Bi Zena akakishika mbele ya uso wake. Akajitazama muda mrefu, akagusa sunzua kwa kidole, akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Bi Zena wa ndani ya kioo alikuwa nayo upande wa kushoto. Hayo nilisimuliwa baadaye, maana mimi nilikuwa nimeinama mpaka kidevu kinagusa kifua. Nilisikia kuku akipita, na kwa mara ya kwanza tangu Ruponda nikasikia akisemeshwa.

"Wewe kuku," akasema Bi Zena, "kumbe mkwe wangu hakunitazama. Alitazama kioo. Na kioo si mama mkwe wa mtu."

Nikaanza kunyanyua kidevu.

"Ila nataka kujua," akaendelea kumwambia kuku, "ni ndevu gani alizokuwa ananyoa muda wote huo."

Mzee mmoja alicheka kwanza, akajifanya ni kikohozi, kikohozi kikamshinda. Kisha kikao kizima kikacheka, hata Hamisi, hata Rukia kule mlangoni, akilia na kucheka kwa pamoja. Bi Zena peke yake hakucheka. Alitoa hukumu. Mkwe abaki. Kioo kihamishiwe nyuma ya nyumba. "Na nasikia," akasema, huku akinyanyuka na kukung'uta kanga, "huko kuzimu kuna mzee mwenye ndevu. Huyo asirudi, hana adabu na hana samaki. Kama kuna atakayerudi, arudi yule mama."

Nikanyoa lipiko ndevu siku ile ile. Yule mama akarudi, akacheza Ruponda, Mtua na Ruangwa miaka mingi, mpaka wadudu wa bungua walipomla kidevu. Kila alipotokea, wanawake wa Chiola walipiga kelele na kukimbia kama inavyotakiwa, isipokuwa mmoja aliyesimama mbele kabisa na kanga mpya, akimkagua. Na kesho yake kuku mmoja pale uani angeambiwa kwamba nywele zinahitaji nta, au kwamba unyusi umeanza kuchubuka. Nilirekebisha kila kitu nilichosikia. Sikuwahi kupata mkaguzi bora, na Mzee Nandonde mwenyewe alikiri hivyo kabla hajafa.

Mtoto wetu alipozaliwa, baada ya miaka mingi ya kungoja, alikuwa wa kike, tukamwita Zena. Bibi yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Nilimlilia yule mama, vijana, kwa sauti, mkwe mzima, wala sikuona aibu. Siku ya mazishi ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumtazama usoni hata mara moja.

Alipofika darasa la pili, Zena wangu alianza kuuliza bibi alikuwaje. Picha hatukuwa nayo. Lipiko lilikuwa limekwisha kuliwa, na hata lingekuwepo nisingemwonyesha mtoto wa kike. Ndipo nikakumbuka kile kitabu cha Wahopi na wale wanasesere. Mwanasesere si lipiko. Havaliwi, hachezi, hatoki kuzimu, hana siri. Nikapata kipande cha msufi pori cha urefu wa mkono, nikaketi uani, mchana, mbele za watu wote, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani. Nikachonga kanga, nikachonga mikono kiunoni, nikachonga mdomo unaoinukia upande, na unyusi. Mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka kidogo lakini ulinivumilia.

Nilipofika kwenye sunzua nikakwama. Kuweka kulia ndiko alikokuwa nayo kweli, ndiko kila mtu alikoiona. Kuweka kushoto ndiko alikoiona yeye mwenyewe kwenye kioo. Nikakaa na patasi mkononi, nikaiinua, nikaishusha.

Rukia alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananipa mgongo, anachambua mbaazi. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniuliza ninafanya kazi gani porini, nami sijawahi kumwambia.

"Kushoto, Baba Zena," akasema bila kugeuka. "Kama ulivyoiweka mara ile."